Gari Alilotuuzia Baba Yako Mdogo

Misunkumilo, Mpanda

Mwanangu Yustina,

Mambo ya njiani shangazi yako amekwisha kukuambia yote, na mengine amekuambia mara mbili. Kwamba usilale umeliacha begi mlangoni, kwamba Tabora usitoke nje ya stesheni ukingoja treni ya Dar, kwamba usinunue samaki wa kukaanga usiyejua alikaangwa lini. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelichelewesha kwa makusudi. Ningekuambia mwezi uliopita ungekataa kwenda, na mimi nataka uende. Kwa hiyo barua hii nitakupa treni ikishaanza kutembea.

Unakwenda kuishi kwa baba yako mdogo Pius. Atakulisha, atakulipia chuo cha uuguzi, atakuita binti yangu mbele ya wageni, na wewe utamwamkia kila asubuhi. Huyo ndiye aliyetuuzia gari lililomuua mama yako, na alipotuuzia alikuwa anajua lina nini.

Umekua ukiambiwa kwamba ng'ombe alikatiza barabara kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Hapakuwa na ng'ombe. Ng'ombe nilimtunga mimi siku ya msiba, kwa sababu watu walikuwa wanauliza na mimi mwenyewe sikuelewa kilichotokea. Nilijua tu kwamba usukani ulianza kuzunguka bure mikononi mwangu, kama sahani. Niliona aibu kusema hivyo. Dereva anayesema usukani ulimkataa, watu wanatazamana. Nilipokuja kujua ukweli, ng'ombe alikuwa ameshazoeleka, hata bibi yako alikuwa anamlaani kwenye sala zake.

Wewe unalikumbuka lile gari kwa furaha, na sikulaumu. Unakumbuka viti vya nyuma mlivyokaa mkitazamana, na jinsi tulivyolisukuma baada ya misa huku kwaya nzima ikisaidia. Mimi nakumbuka lilivyofika. Pius alikuwa Dar tayari, anapokea magari yaliyotumika huko nje na kuyauza, na aliniandikia kwamba amepata gari refu la familia, la kubeba watu wanane, la magurudumu manne yanayovuta yote, na kwamba hataki limwendee mtu baki. Mimi nililitaka kwa majivuno. Nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, nikaona mtu mwenye mashine anayetembea kwa baiskeli hajakamilika. Mama yako alilitaka kwa sababu nyingine. Kwao ni Kapalamsenga, kule ziwani, na kila alipokwenda kumwona mama yake alipanda juu ya magunia kwenye lori. Mara ya mwisho alipanda akiwa na mimba ya mdogo wako, yule ambaye hakuishi. Hakuwahi kusema lori ndilo lililofanya. Alisema tu kwamba hatapanda tena.

Gari likaja juu ya behewa la wazi. Lilipoteremshwa pale stesheni mama yako alilizunguka polepole, akagusa tairi la akiba lililoning'inia mlango wa nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hili lote letu?"

Lilianza kuumwa kabla hatujalizoea. Rejeta ilichemka kila kilima. Stata ikafa, ndiyo maana tulikuwa tunaliegesha kwenye mwinuko kila tulipokwenda. Mshale wa mafuta ulilala chini hata tangi likijaa. Mlango wa nyuma ulikubali kufunguliwa kwa ndani tu, na kazi hiyo ilikuwa yako, kutambaa juu ya viti na kuufungua, na ulijiona mtu mkubwa. Mkanda wa kiti cha mama yako ulikuwa umekatika tangu huko ulikotoka, mtu alikuwa ameufunga fundo. Majirani waliliita Mgonjwa. Mama Furaha wa ng'ambo ya barabara alikuwa anaita kila asubuhi, "Mgonjwa ameamkaje?" Mama yako anajibu, "Ameamka, amekunywa maji."

Hayo yote ni magonjwa ya gari kuukuu, na gari kuukuu halina siri. Linachemka, unalipoza, unakwenda. Nilikosea kudhani kila ugonjwa wake ni wa namna hiyo.

Baadaye likaanza kugonga mbele. Ukikata kona ya kushoto unasikia kitu kinagonga chini ya miguu yako. Nikalipeleka kwa fundi Shabani pale karibu na soko. Akalala chini yake, akatoka na mikono myeusi, akasema, "Chuma kinachogeuza magurudumu ya mbele kimechoka. Tairodi hiyo. Mimi nimekaza, lakini mwandikie mdogo wako akuletee mpya."

Sikuandika, nilikwenda posta kupiga simu. Mama yako alikuja nami, akasimama nje ya kile kibanda mlango ukiwa wazi. Nikamweleza Pius. Akacheka. Akasema, "Kaka, chuma hicho? Chuma hicho kitatuzika sisi wote. Mwambie fundi wako apake grisi." Nami nikacheka. Nilipotoka mama yako aliniuliza, "Amecheka nini?" Nikamwambia amesema tupake grisi. Akanitazama, akarudia, "Ndiyo, lakini amecheka nini?"

Nilidhani ni maneno ya mwanamke asiyemjua shemeji yake. Nimeyageuza maneno hayo miaka yote hii. Yeye hakujua gari. Alisikia kicheko tu, na alisikia sawasawa.

Tuliondoka asubuhi bibi yako wa Kapalamsenga alipozidiwa. Ulitaka kuja. Ulikuwa unatoka kwenye homa, mama yako akakataa, nawe ukalala chini mbele ya gari ili tusiondoke. Nilikuinua kwa mkono mmoja na kukutupia kwa shangazi yako kama mzigo. Mama yako alishuka kukubembeleza, nikampigia honi.

Pale mteremkoni, kona ya kushoto, kitu kilikatika chini na usukani ukawa mwepesi. Gari likaenda lilikotaka lenyewe. Liligonga mti upande wa mama yako.

Watu wanasema alikufa pale pale, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Hakufa pale pale. Barabara ile haikuwa na magari, tukakaa. Kifua chake kilikuwa kimebanwa na dashibodi na sikuweza kumtoa. Sukari aliyombebea mama yake ilikuwa imemwagika miguuni pake na sisimizi walishaanza kuja, nikawa nawafukuza, kazi nyingine sikuwa nayo. Alikuwa anazungumza vizuri. Aliniuliza, "Ulikuwa unatazama wapi?"

Nikasema, "Sijui. Nimekata kona vibaya."

Kisha akasema, "Basi, pole."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya maana. Mengine aliita jina lako, na la mama yake, halafu hayakueleweka. Lori lilipokuja alikuwa ameshapoa. Alikufa akiamini kwamba nimemuua kwa uzembe, na akaniambia pole. Wala uzembe huo haukuwa wa kona ile. Ulikuwa wa pale posta.

Pius alikuja mazishini kwa treni. Alilia kuliko mimi, watu walimshika. Lakini kabla hajaenda kaburini aliomba kuliona gari, lilikuwa limekokotwa mpaka uani kwetu, na nilimwona akipiga magoti na kuchungulia chini ya gurudumu la mbele. Alipoinuka alikuwa ameloa jasho. Nikamshika bega, nikamwambia ajikaze. Mimi ndiye niliyembembeleza yeye.

Ilikuwa mwaka mwingine kabisa nilipoelewa. Dereva wa shirika moja lililokuwa linahudumia wakimbizi alisimama mashineni kununua mchele. Aliendesha gari la aina ile ile. Akaliona letu limelala uani, uso umekunjamana, akauliza limepatwa na nini. Nikamwambia ng'ombe. Akainama, akatazama chini pale pale alipotazama Pius. Akasema, "Baba, hili ni tairodi. Magari haya kiwanda kiliyaita yarudi yote, chuma hiki kilikuwa kinakatika. Yetu tuliyapeleka Dar. Wanabadilisha bure, unapeleka asubuhi jioni unalichukua. Aliyekuuzia hakukuambia?"

Nikapanda treni. Sikumwambia Pius kwamba naja. Nilimkuta kibarazani kwake amevaa msuli, anasoma gazeti, mkewe anapika uani. Alinyanyuka kunipokea mkoba nikamuuliza nikiwa nimesimama.

"Ulijua?"

Nilitegemea akatae. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa ajili ya kukataa kwake. Akasema, "Nilijua." Akaketi tena. "Walituita wote wenye magari yale. Foleni ilikuwa ndefu, na behewa nilikuwa nimeshalilipia. Nikasema mwenyewe atalileta siku moja."

"Hukuniambia nililete."

"Ningekuambia ungelinunua?"

"Na nilipokupigia simu? Fundi alikitaja chuma chenyewe kwa jina."

Hapo ndipo aliposhusha macho. "Uliponipigia nilikuwa nimeshakaa kimya muda mrefu," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Nilimpiga. Nilimpiga mara moja, usoni, mkewe akatoka mbio na mwiko mkononi akauliza kuna nini. Pius akamwambia, "Kaka ana uchungu wa shemeji, mwache." Mwanamke yule akaanza kulia kwa kunihurumia. Kisha Pius akasema, polepole, mbele yake, "Yustina nitamsomesha mimi. Mpaka atakapochoka yeye mwenyewe."

Na wali ukaja, mwanangu, nikanawa. Nilikula. Sikutaja tena gari siku ile wala siku nyingine yoyote. Sare zako za sekondari, godoro la bweni, daftari zako, miwani yako, vyote vilitoka kwenye mlo ule. Ulipokuwa unamwandikia barua za asante, ukinionyesha nikusahihishie, nilikusahihishia.

Ungefikiri nimemaliza. Mtu akisimulia ubaya wa ndugu yake huwa anaishia hapo.

Gari lilikuwa bado uani. Ulikuwa na tabia ya kuingia ndani yake ukitoka shule, na jioni moja nilikukuta umelala kwenye kiti cha mama yako, mdomo wazi, umeushika ule mkanda wenye fundo. Nikaamua liondoke. Ningeweza kuliuza kama chuma chakavu. Lakini nilitaka kitu kirudi mkononi mwangu, sijui kwa nini, labda nilijiona ninadai. Nikamwita Shabani akaligonga mpaka likanyooka. Ile tairodi akaichomelea kwa gesi. Alipomaliza alisema, "Nimechomelea tu. Hili lisiende mbali, na anayelichukua umwambie."

Alilichukua Mzee Melkiori wa Kasokola. Unamjua, yule anayesoma masomo kanisani kwa ile lafudhi yake ya Kirundi, aliyekuja hapa kijana akikimbia vita. Alitaka la kubebea mahindi na familia. Alikuja na mkewe na mwanaye mkubwa Gerevazi, wote wamevaa nguo za Jumapili. Akaniuliza kwa heshima, akitafuta maneno, "Ndilo lile la msiba?"

Nikasema ndilo.

"Na kilichofanya ni ng'ombe?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Lenyewe halina tatizo?"

Nikasema, "Linakunywa maji sana."

Akacheka, akasema maji Kasokola wanayo. Kisha akaweka mkono juu ya boneti, akasali ili lisirudie kuua. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa, nikaitikia Amina. Nilikuwa najua kila kitu alichokuwa anajua Pius, na zaidi, maana Pius hakuwahi kufukuza sisimizi. Nikampa funguo.

Mvua zilipokwisha ile tairodi ilikatika tena. Gerevazi ndiye aliyekuwa anaendesha. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti, na alikuwa na umri wa kuanza kutafuta mchumba. Nilikwenda kumwona hospitali. Sikwenda kwa huruma, nilikwenda kusikiliza wanasema nini. Walisema ni shimo la barabarani. Mkewe Melkiori alinishukuru sana kwa kufika, akasema wengine wa hapo hapo kijijini hawajafika, na nilipoaga akanipa kuku. Nikampokea kuku. Tulimla wewe, mimi na shangazi yako, nawe uliniuliza katoka wapi nikasema kwa rafiki.

Wiki iliyopita, ulipokuwa unaaga rafiki zako, nilikwenda Kasokola. Usifikiri dhamiri iliniamsha. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia habari za Pius, na kila nilipoandika jina lake naona ningeweza kuandika langu pale pale bila kubadilisha kitu. Nikaona haiwezekani wewe ujue na Melkiori asijue.

Nilimkuta shambani anavuna mahindi na familia yake. Gerevazi alikuwa ameketi juu ya gunia, anapukuchua, gongo lake limelala pembeni. Nikamwomba mzee tusogee. Akasema, "Sema hapa hapa, hawa ni wangu." Basi nikasema hapo hapo, nimesimama kwenye mabua, tangu kiwanda kuyaita magari mpaka Shabani na gesi yake.

Melkiori aliniacha nimalize. Kisha akamgeukia mwanaye, akasema, "Umesikia?" Gerevazi akasema hakusikia vizuri, upepo. Melkiori akaniambia, "Mwambie tena." Nikarudia. Safari hii nilisema nikimtazama kijana, na nilipofika kwenye maji niliyosema linakunywa, mama yake alitoa sauti ndogo kama mtu aliyeungua kidole.

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kupigwa, nadhani nilikuwa natamani. Gerevazi alichukua hindi lingine, akaanza kupukuchua. Akasema, bila kuninyanyulia macho, "Baba, mwambie aende. Mvua ya nje ya msimu hii, mahindi yataloa."

Wakaendelea na kazi. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniambia kaa. Nilibaki nimesimama katikati ya shamba lao mpaka mtoto wao mdogo wa kike akaniomba nisogee, nilikuwa nimekanyaga mahindi.

Sasa unajua. Sikupi neno la kukufariji kwa sababu sijalipata, na kama ningelikuwa nalo ningelianza kulitumia mwenyewe. Nililojifunza ni dogo. Nilikuwa nafikiri mtu anayeficha kitu kibaya ana moyo wa namna yake, uso wake utamtaja. Hana. Ana behewa alilokwisha kulilipia, au mtoto anayelala kwenye kiti, au wali uliokwisha kuiva. Pius si mkatili nyumbani kwake. Utampenda, nakuambia kweli. Ana masihara, anakumbuka siku za kuzaliwa za watu, ukiumwa atakesha mlangoni kwako. Nilishamwona akikesha kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Atakuja stesheni kukupokea na atakukumbatia na atalia, huwa analia kweli. Mwamkie. Kaa kwake, kula chakula chake, soma. Siku utakapoitwa muuguzi, siku hiyo mwambie unajua, si kabla. Naelewa ninachokufundisha. Ninakufundisha kunyamaza kwa faida, kazi ambayo mimi na yeye tunaiweza kuliko watu wote ninaowafahamu, na nakufundisha kwa barua, treni ikiwa imeshaondoka, wakati huna pa kunijibu. Lakini nimefikiri sana, sina mlango mwingine wa kukupitishia.

Kama itakushinda, ukamwambia pale pale stesheni mizigo ikiwa chini, naye akakuacha hapo, sitakukasirikia. Rudi. Utanikuta mashineni. Ila ujue kwamba hata hapa utakula kwa mtu aliyejua.

Mimi niliyekuzaa,
Anselmi